Pumu ya watoto: majibu ya maswali yenu

Mwanangu ana miaka 5. Nampa inhela ya bluu lakini bado anakohoa usiku. Dawa imeisha nguvu? (Mama, Umoja)

Pengine dawa haina shida, mama. Inhela ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga ulimi na koo kisha ikamezwa. Mtoto anahitaji spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Ukikosa ya kununua, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 inafaa: toboa kitako tundu linalolingana na mdomo wa inhela, uiingize ikaze, kisha zungushia utepe hewa isipenye. Tikisa inhela, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi taratibu mara 5. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndipo urudie. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo hupoteza dawa. Aliye chini ya miaka 4 anahitaji spesa yenye barakoa inayofunika pua na mdomo bila mwanya.

Spesa ioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, iachwe ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki badala ya kufika kifuani.

Ila kikohozi cha kila usiku ni dalili kwamba inhela ya bluu peke yake haitoshi. Hiyo hufungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hutulizwa na dawa ya kinga, inhela nyingine inayotumiwa kila siku. Mpeleke kliniki mkaizungumzie.

Mtoto amepoa. Jirani anasema ile inhela ya kahawia, ya kinga, ina steroidi, atazoea. Niiache? (Baba, Kayole)

Usiiache. Hapa ndipo watoto wengi huharibikiwa: kinga hukatizwa kwa sababu mtoto ni mzima, kumbe ni mzima kwa sababu ya kinga. Haizoeshi. Steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe; kiasi chake hapa ni kidogo na huenda kwenye mapafu. Kweli inaweza kupunguza kimo kidogo, yapata sentimita 1, lakini pumu iliyoachwa huru nayo hudumaza, tena huua. Asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuitumia, la sivyo anaweza kupata utando mweupe mdomoni. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, baada ya miezi kadhaa ya utulivu.

Niko Gredi ya 7. Naona haya kuvuta inhela shuleni, na mama ananiuliza kila saa kama nimetumia. (Mwanafunzi, Buruburu)

Mwambie mama mgawane kazi. Wewe weka alama kwenye kalenda kila unapotumia ya kinga, asubuhi na jioni kabla ya kupiga mswaki. Yeye aikague Jumapili. Ya bluu ikae mfukoni mwako. Ikifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, haitakusaidia uwanjani. Mwalimu wa darasa na rafiki mmoja wajue ilipo. Michezo usiache. Ikiwa kifua hubana ukikimbia, muulize daktari kuhusu kuvuta ya bluu dakika 15 kabla.

Julai hii baridi ni kali. Naweza kuwasha jiko la makaa chumbani mjukuu apate joto? (Bibi, Kawangware)

Hapana, shosho. Moshi hubana kifua chake, na hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa huua hata asiye na pumu. Mwongezee blanketi iliyofuliwa na kuanikwa juani. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo iondoke, tumia neti.

Nitajuaje ni wakati wa kukimbia hospitali? (Mzazi, Githurai)

Kifua kikibana, mkalishe wima. Mpe ya bluu mipulizo 2, mmoja mmoja kwa spesa. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20, na mara ya tatu dakika 20 nyingine. Mipulizo 6 ikipita bila nafuu, ondokeni.

Usingoje hata hizo dakika 20 ukiona hawezi kumaliza sentensi, ngozi kati ya mbavu inadidimia, midomo imekuwa ya kijivu au anasinzia. Na mluzi wa kifua ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua, usidhani amepona: hewa haipiti. Nendeni hospitali, si duka la dawa, na mwendelee kumpulizia njiani.