pH ya tangi imeshuka hadi 6.2: usimwage magadi leo

Pole, ndugu. Umesema samaki wako wa Ziwa Tanganyika wamelegea, unawawekea maji ya mvua matupu, pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) imefika 6.2 na unataka kuipandisha leo kwa magadi ya kuokea. Tafadhali subiri.

Una haki ya kuhofia, ziwa lenyewe lina pH karibu 9. Ila pima amonia kwanza, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Maji yakiwa na asidi hivyo, bakteria wa kichujio huzubaa na amonia hulimbikizana, nyingi ikiwa katika hali isiyo na sumu kali. Ukipandisha pH ghafla inageuka sumu, na tangi zima linaweza kufa usiku mmoja. Inauma sana kuona.

Amonia ikiwepo, punguza chakula, ongeza hewa, na badilisha maji kidogo kidogo kwa hayohayo ya mvua mpaka ishuke.

Kisha tibu chanzo: maji ya mvua hayana madini ya kuzuia asidi. Changanya na ya kisima, kama ni magumu (yenye madini hayo) na hayana chumvi nyingi. Ya bomba yaondolee klorini kwanza. Ndani ya kichujio weka mfuko wa maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa, yale ya maduka ya vyakula vya kuku, yasiyochanganywa na kitu, ukayaosha vizuri. Huyeyuka polepole, na ndiyo maana nayapenda kuliko magadi. pH ipande taratibu, kama 0.2 kwa siku.

Amonia ikiisha na bado wanahema juu juu au wana vidonda, mwone daktari wa mifugo au afisa uvuvi.