Maua yapo, nyuki hawaji

Ndugu, unasema bustani ya mtaa wenu imejaa mawaridi lakini nyuki hawatui. Nadhani tatizo ni aina ya maua. Mawaridi yenye petali nyingi zilizobanana humzuia nyuki kufikia chavua, na mara nyingi petali hizo za ziada zimechukua nafasi ya stameni, yaani sehemu za ua zinazotoa chavua. Yanapendeza macho tu; nyuki anabaki na njaa. Pandeni alizeti na mrihani, na huo mrihani muuache uchanue.

Acheni pia kipande cha udongo mtupu penye jua. Kati ya spishi 20,000 hivi za nyuki, nyingi huishi peke yao na kuchimba viota ardhini. Dawa ya wadudu, tafadhali sana, msiipulizie maua yaliyochanua.