Bei ya mbao kila wiki: pima ubao kabla ya kuuliza shilingi ngapi

Piga simu yadi yoyote ya mbao ya Buguruni, Dar, uulize ubao wa inchi mbili kwa nne wa futi 12 unauzwaje. Utajibiwa papo hapo, na jibu hilo halitakusaidia sana. Mbili kwa nne ipi? Ya dingdong au ya kiwandani? Kavu au iliyopasuliwa juzi? Mara nyingi watu husema bei imetulia, kumbe ubao ndio umekonda.

Ubao kamili wa 2x4 una milimita 50 kwa 100. Unaotoka kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia zilizojaa Mafinga, Makambako na Njombe, unaweza kuwa 45 kwa 95, na mwingine ukashuka hadi 40 kwa 90. Gogo linasukumwa kwa mkono, kwa hiyo unene hubadilika hata ndani ya ubao mmoja. Pima sehemu tatu, yaani ncha zote mbili na katikati, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote.

Fanya hesabu kwa mita ya ujazo. Tuseme yadi ya kwanza inauza ubao wa 45 kwa 95 kwa sh 6,500, na ya pili inauza uliojaa, 50 kwa 100, kwa sh 7,200. Futi 12 ni mita 3.66. Wa kwanza una ujazo wa 0.0156, kwa hiyo mita moja ya ujazo inakugharimu kama sh 415,000. Wa pili una 0.0183, nayo inakuja sh 393,000. Ule "wa bei nafuu" ndio ghali. Kwenye kenchi hasara inazidi hapo, maana uwezo wa ubao kutopinda unategemea kimo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu (kimo × kimo × kimo), pamoja na upana: ule wa 45 kwa 95 umepoteza karibu robo ya ugumu wa ubao kamili. Paa litaanza kulegea katikati, na lawama zitamwangukia fundi.

Weka daftari. Chagua siku moja ya wiki na saizi zilezile: 2x2 ya papi (za kupigilia bati), 2x4, 2x6 na 1x8 ya fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Kwa mbao zilizojaa za futi 12, mita ya ujazo hutoa takriban vipande 109 vya 2x2, 55 vya 2x4, 36 vya 2x6 na 55 vya 1x8. Andika bei mbili, ya Mafinga kwenye pakio, pale mbao zinapopakiwa lorini, na ya yadi ya Dar. Kinachokupa habari ni pengo kati yake. Bei ya Mafinga ikiwa palepale huku ya Dar ikipanda, tatizo ni nauli au mwenye yadi, na kama kazi yako haina haraka unaweza kusubiri. Mafinga yenyewe ikipanda wiki mbili mfululizo, mzigo ni mchache msituni, na hilo haliishi haraka. Nunua mbao za kenchi mapema, za milango zisubiri.

Nauli ina kalenda yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na dizeli ikipanda, wenye malori hawangoji. Kutoka Mafinga hadi Dar ni kilomita zinazokaribia 600, mlima Kitonga ukiwa njiani, na lori likikwama pale siku inaondoka. Mvua za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili, huharibu barabara za msituni, magogo yakabaki hukohuko. Julai mwaka wa fedha unaanza, na mgao wa uvunaji wa shamba la miti la Sao Hill, lililo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), unafuata mwaka huo. Kiangazi mbao zinatoka kwa wingi, lakini ndipo nao waliouza mazao wanapoezeka nyumba, kwa hiyo usitarajie bei iporomoke.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni maji. Mbili kwa nne iliyojaa, ikiwa kavu, ina uzito wa kilo 8 hadi 10. Mbichi hufika 15 au 16. Lori la tani 28 litabeba mbao mbichi kama 1,750 tu kabla mizani haijalikataa, lakini kavu zinakaribia 3,000, mradi nafasi kwenye bodi la lori ipo. Gawanya nauli uone. Ukinunua mbichi unasafirisha maji, halafu unayasubiri yakauke uani kwako: zipange juu ya vijiti, kivulini, upepo ukipita, la sivyo zitajinyonga na kushika ubluu. Ubluu ni kuvu. Unaharibu sura kuliko nguvu, kwa hiyo kwenye kenchi usikutishe.

Tazama pia kichwa cha ubao. Ukiona kiini cha mti pamoja na miduara mipana, huo ni mti mchanga, na utapinda hata ukikaushwa vizuri. Ubao uliotiwa dawa ya kuzuia wadudu, kata kipande katikati, si nchani: ulioshindiliwa dawa kwa presha una ukijani ulioingia ndani, uliochovywa tu una rangi juu juu. Makombo yake yasiingie jikoni kamwe, kwa sababu CCA, dawa ya mbao yenye ukijani huo, ina sumu ya aseniki.

Habari za kila wiki kuhusu mbao za Marekani zisikusumbue. Mei 2021 soko la Chicago lilivuka dola 1,600 kwa futi-bodi 1,000 (kipimo cha ujazo wa mbao cha Marekani), lakini 2x4 ya Mafinga haiuzwi huko. Zinazofuata dola ni bodi: MDF (bodi za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) na marini bodi (plaiwudi za kumwagia zege) za nje, pamoja na gundi ya plaiwudi inayotengenezwa hapa.

Shiti ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 18 mara nyingi ukiipima ni 16, yaani umepunjwa asilimia 11. Kagua kingo zake nne. Matundu kati ya tabaka maana yake skrubu haitashika. Ya kumwagia zege, omba kipande kidogo ukichemshe saa mbili au tatu. Gundi ya yurea itaachia na tabaka zitafunguka, ya fenoli itavumilia. Muuzaji akikunyima kipande, chukua shiti moja tu kwanza, ukaikate na kuichemsha kabla ya kuagiza zile 40.