Maswali na majibu: Kindle ilishikaje soko?

Mimi nilidhani Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki cha duka la mtandaoni la Amazon, ndiyo ya kwanza ya aina yake. Rafiki yangu anabisha. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Rafiki yako. Rocket eBook na SoftBook zilikuwa zikiuzwa Marekani tangu 1998. Mwaka 2004 Sony wakatoa Librie huko Japani, na hiyo ndiyo iliyotangulia kufika madukani ikiwa na wino wa kielektroniki wa kampuni ya E Ink. Kioo chake kilisomeka vizuri sana. Tatizo ni kwamba kitabu ulichokilipia kilijifunga baada ya siku 60, na ili ukipate ilibidi kwanza uwe na kompyuta. Hapo mnunuzi gani angerudi?

Sasa Kindle ilikuwa na nini ambacho Sony hawakuwa nacho? (Muuza vitabu, Mombasa)

Ndugu yangu, wewe mwenye duka utanielewa haraka: ilikuwa na duka ndani yake. Kioo kilitoka kwa E Ink hao hao. Lakini Kindle ilipotoka tarehe 19 Novemba 2007, Amazon walikuwa wameiunganisha na mtandao wa simu wa Sprint, na mteja hakulipia bando. Umekaa kwenye basi, unachagua kitabu, baada ya dakika moja hivi unaanza kusoma sura ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza vilikuwepo vitabu zaidi ya 88,000, na vingi vya vile vinavyogombaniwa vilikuwa dola 9.99, bei ya chini sana kuliko jalada gumu.

Kifaa chenyewe kilikuwa ghali, dola 399. Hata hivyo kiliisha kwa saa tano na nusu, na hakikupatikana tena mpaka Aprili 2008. Oktoba mwaka huo Oprah Winfrey akakisifia kwenye kipindi chake cha televisheni, na mamilioni ya watu waliokuwa hawajakisikia wakakijua.

Kilichokifikisha kwa mtu wa kawaida, kwa maoni yangu, ni ushindani. Barnes & Noble, wauza vitabu wa Marekani, walileta kifaa chao, Nook, mwishoni mwa 2009. Juni 2010 wakaishusha hadi dola 199. Siku hiyo hiyo Amazon wakaitoa Kindle kwenye 259 hadi 189. Agosti ikaja ya dola 139. Kufikia Mei 2011 Amazon walitangaza kwamba kwa kila vitabu 100 vya karatasi walivyouza Marekani, vya Kindle vilikuwa 105.

Kwa nini chaji inakaa wiki nzima wakati simu yangu haimalizi siku? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Dada, ndani ya kioo kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma juu au chini unapofungua ukurasa, kisha zinabaki pale zilipo bila kula chaji. Na kwa kuwa kioo huakisi mwanga wa nje kama karatasi, hata juani unasoma bila shida.

Kitabu nikikinunua, ni changu kweli? (Wakili, Nairobi)

Si kama cha karatasi. Julai 2009 Amazon walifuta nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell ndani ya Kindle za wateja, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zilirudishwa, Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi, lakini watu walishaona kwamba mwenye duka anaweza kuingia kwenye kabati lako. Mimi jambo hili linaniudhi mpaka leo. Soma masharti kabla ya kulipa.

Shule zetu zinaweza kufaidika? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Zinaweza, na zipo zilizoanza. Shirika la Worldreader lilianza kupeleka Kindle kwa wanafunzi wa Ghana mwaka 2010, kisha likafika Kenya, na baadaye likaweka vitabu kwenye simu pia. Ila mwalimu, chunga faili. PDF iliyopangwa kwa karatasi ya A4 ikiingia kwenye kioo cha inchi 6 herufi zinakuwa kama sisimizi. Omba EPUB, aina ya faili ya vitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kufuata kioo na mwanafunzi anakuza herufi apendavyo.