Dogo wa Kasulu, hapo kwenye "nimepumzika kanisani kwanza" nimeshindwa kupita kimya

We dogo, salamu tutapeana baadae. Umeandika humu jukwaani kwamba umeokoka huu mwaka wa nne, mwezi wa tatu ukaanguka na binti wa watu, kiongozi wako akakwambia wokovu umeshaondoka, sasa unataka tukwambie kimaandiko kama mtu aliyeokoka anaweza kupoteza wokovu, na kama ubatizwe upya, na kama uchumba wako uendelee au uvunjike. Sawa. Ila katikati umechomeka kasentensi kamoja, "kwa sasa nimepumzika kanisani mpaka nipate jibu", yani umeacha kwenda ibadani. Hako ndo kamenikalisha macho saa saba hii ya usiku, maana na mimi nilipumzika hivo hivo, nikasema wiki mbili tatu, nikapumzika miaka sita na miezi.

Mimi ni mtu wa Kigoma mjini, nimekulia Mwanga, na 2009 nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulichanga shilingi 640,000 za kurekodi albamu, hela za akina mama wanaouza mihogo, nikazitunza mimi. Mwezi wa kumi dagaa walikuwa wanatoka vizuri Kibirizi nikaona hizi hela zimelala bure, ngoja nizizungushe wiki mbili nirudishe na faida juu, nikanunua dagaa wabichi kwenye vipe, yani boti za wavuvi, alfajiri nikaanika. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mwenye kujua dagaa anajua kilichofuata, wameoza wote, waliobaki nikauza kama chakula cha kuku. Na badala ya kusema ukweli nikasema nimeibiwa. Uongo ule ulidumu kama mwezi hivi ukapasuka, nikasimamishwa mbele ya kanisa, nikatengwa.

Kutengwa sina kinyongo nako, niliiba na nilidanganya, walikuwa na haki. Kilichoniua ni kilichofuata. Wiki ile kulikuwa na semina ya mhubiri mgeni, mi nikaenda kwenye maombezi nikiwa nalia kabisa, nikamweleza yote. Akafungua Waebrania 6, akanisomea kuanzia wa nne mpaka wa sita, kwamba waliokwisha kupewa nuru wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu, akafunga Biblia. Akaniambia "ndugu, jina lako limeshafutwa, usijisumbue". Alafu akaita anayefuata.

Mtu mzima, na Biblia mkononi, anamwambia kijana wa miaka 24 aliyekuja analia kutubu kwamba asijisumbue! Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake nasikia tumbo linajikunja. Angenipiga makofi ningeshukuru. Hivi mtu anayekimbilia hospitali anavuja damu utamfungia geti umwambie umeshakufa? Na wale viongozi wangu waliokuwa wamesimama pale pembeni hakuna hata mmoja aliyenifuata nje. Wote wanaijua 1 Wakorintho 5 ya kumtoa mwenye dhambi, wanaisoma kwa sauti kubwa, ila 2 Wakorintho 2 ambapo Paulo anawaambia adhabu imetosha, sasa msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni nyingi, hiyo sijawahi kusikia ikisomwa siku ya kumtenga mtu. Mimi nilimezwa, dogo. Mzima mzima.

Maana hesabu niliyopiga ni hii, kama nimeshapotea basi nijizuie ya nini? Nikapanda treni nikashukia Urambo, nikaanza vibarua kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, hela ya wiki inaishia kwenye gongo Jumamosi. Nikaishi na mwanamke nikamwacha na mtoto. Kiwanja changu cha Gungu nikauza kwa bei ambayo siitaji hapa. Hela za kwaya nilizirudisha 2011, zote, nikatuma kwa simu kwa mama mmoja wa kwaya bila kuongea nae, nikajiona angalau nimemaliza deni. Ikanichukua miaka kuona kwamba hilo hata Yuda alilifanya, alivirudisha vile vipande 30 vya fedha mpaka hekaluni, Mathayo 27, alichoshindwa ni kujirudisha yeye mwenyewe. Petro usiku ule ule kamkana Bwana mara tatu na hakuwa na cha kurudisha, ila Jumapili unamkuta yupo na wenzake.

Sasa sikia gharama yenyewe. 2014 mama akaugua, nikaitwa. Nimekaa pembeni ya kitanda chake ananiambia "mwanangu niombee, sala fupi tu, kama ulivyokuwa unaomba zamani". Nikamjibu, mama, mimi huko juu sisikiki tena. Nilimjibu hivo mama yangu mzazi anayekufa, kwasababu ya mistari mitatu niliyosomewa na mtu nisiyejua hata anakaa mkoa gani. Akanyamaza, akanishika mkono akaniombea yeye. Siku ya pili yake akafariki. Unaona dogo, deni la 640,000 lililipika, hili nitamlipa nani?

Jirani yetu mmoja wa Ujiji, mzee wa Kiislamu, alikuja msibani akanikuta nimejitenga nyuma ya nyumba, akanisikiliza alafu akaniambia "kijana, kwetu sisi mlango wa toba upo wazi mpaka siku jua litakapotoka magharibi, kwenu nyie nani kaufunga?" Sikuwa na jibu, na hata hivo nilirudi Urambo nikaendelea kunywa.

2016 narudi Kigoma kwa ajili ya mahari ya mdogo wangu, ndani ya treni nikakaa na mwinjilisti mstaafu wa Moravian, mzee wa Kinyamwezi, ana kikapu cha maembe. Tumepita Kaliua tukaanza kuongea, kufika Nguruka nimeshamwaga kila kitu. Hakunihubiria. Aliuliza "hiyo sura ina mistari mingapi?" Sijui. Akafungua, ina 20. "Huyo aliyekusomea aliishia wa ngapi?" Wa sita. "Basi amekudhulumu kumi na nne, soma mwenyewe." Nikasoma kwa sauti mle ndani ya behewa. Wa tisa, yule yule aliyetoka kuandika maneno ya kutisha anageuka anawaita wapenzi, anasema kwa habari zenu nyinyi tuna hakika ya mambo mazuri zaidi, yenye wokovu. Na wa 19 unasema tumaini letu ni nanga ya roho. Nanga! Mimi mtoto wa ziwani, nimelala kwenye mitumbwi, najua nanga ni nini upepo ukigeuka usiku, na sura niliyoogopa kuifungua miaka sita ilikuwa na nanga ndani yake na hakuna aliyenionyesha.

Alafu akanipeleka sura ya kumi, ule mstari wa 26 ambao nao hutumika kuwatisha watu, wa kufanya dhambi kusudi. Akasema soma na wa juu yake. Wa juu yake, wa 25, unasema tusiache kukusanyika pamoja! Yani onyo kubwa lile limefuata moja kwa moja baada ya kuambiwa tusikimbie mkutano, na mimi kwa kuliogopa onyo nikakimbia mkutano. Na sura ya tatu wa 13 inasema tuonyane kila siku, maadamu iitwapo leo, tusifanywe wagumu. Nani atakuonya kila siku ukiwa umejifungia chumbani Kasulu unasoma majibu yetu humu?

Kuhusu swali lenyewe kama wokovu unapotea sitalikwepa, ila nalipitia haraka. Wakatoliki walishaandika kwenye mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, 1547 kwamba neema inapotea kwa dhambi ya mauti na inarudishwa kwa kitubio, yani kuungama kwa padri. Walutheri nao wanasema mtu anaweza kuanguka kutoka kwenye imani na akarudishwa. Wapentekoste wengi, na waliofuata njia ya John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, wanasema unaweza kuanguka kweli. Wafuasi wa Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, na Wabatisti wengi, wanasema aliyeokolewa kweli hapotei, wanashika Yohana 10:28 na Warumi 8, na aliyeondoka moja kwa moja wanasema hakuwa wa kwetu, 1 Yohana 2:19. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia aliyempinga Calvin, walipoandika hoja zao 1610 kule Uholanzi, kwenye hoja hii hii walisema inabidi ichunguzwe zaidi kwenye Maandiko kabla hawajaifundisha kwa uhakika, wale wa upande wa Calvin wakakutana mji wa Dort huko huko 1618 mpaka 1619 wakaamua kwamba Mungu huwatunza walio wake mpaka mwisho. Na ubishi haukuisha, hata humu haujaisha. Hiyo ni miaka 400 dogo, na we unasema utarudi kanisani ukipata jibu!

Msimamo wangu mimi, kwa kuwa umeuliza, wokovu haudondoki kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka, ukatembea hatua kumi ukagundua haupo. Mtu anauacha, taratibu, kwa kukaa mbali mpaka moyo unakuwa mgumu. Mnaotaka kuniletea Kigiriki cha Agano Jipya kwenye komenti karibuni, kaeni kwenye foleni, ila nijibuni kwanza hili: chukua pande zote hizo, anayesema umepoteza, anayesema bado unao, anayesema hukuwahi kuwa nao, waulize wote huyu dogo afanye nini leo. Wote watakwambia atubu na arudi. Wote! Hakuna upande hata mmoja unaosema apumzike kwanza.

Hata wale wa zamani walikutana na hili. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Rumi, Wakristo wengi wakaogopa wakatoa, mateso yalipopungua wakaja wanalia. Novatian, padri kule Rumi, akasema kanisa haliwezi kuwapokea tena, Cyprian, askofu wa Karthago kaskazini mwa Afrika, na maaskofu wenzake 251 wakasema watubu, wapimwe, warudishwe. Hao walikuwa wamemkana Kristo mbele ya madhabahu ya sanamu, na mlango ulifunguliwa. We umeanguka na binti, ni dhambi, siipunguzi hata kidogo, ila usijipe cheo ambacho hata wale hawakupewa.

Kwahiyo mimi kwako nina neno moja tu na nitalirudia hata ukinichoka, RUDI KWANZA, maswali utayauliza ukiwa ndani. Kama kwa huyo kiongozi wako pamekuwa pagumu tafuta mchungaji mwingine mtu mzima, umwambie ukweli wote, binti, uchumba, kila kitu, usifanye kama mimi wa "nimeibiwa". Ukipewa nidhamu ya miezi kadhaa ipokee ukiwa umekaa ndani, hata benchi la mwisho. Mi niliporudi nilikaa la mwisho kabisa karibu na mlango, na yule mama niliyemtumia hela za kwaya alitoka kwenye nafasi yake katikati ya wimbo akaja kunishikisha kitabu chake cha nyimbo, akarudi kuimba bila kitabu. Hatukuongea siku hiyo.

Leo ni Ijumaa. Keshokutwa ukitoka ibadani niandikie inboksi, hata "nimeenda" inatosha, nitakuwa nasubiri.