Baba kapoteza kumbukumbu, kaka kamwekesha dole gumba ili nyumba iwe yake: je, hiba hiyo inasihi?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, baba yetu ana miaka 79, tunaishi Magomeni. Ana nyumba ya vyumba sita, vitatu vina wapangaji. Tangu mwaka juzi kumbukumbu inamtoka. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu bibi, siku nyingine anakumbuka hata bei aliyonunulia kiwanja. Tuko watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na mama yetu wa kambo yumo ndani ya nyumba hiyo. Kaka mkubwa amekuja na karatasi, akamshika baba mkono akamwekesha dole gumba, anasema nyumba amepewa hiba, yaani zawadi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa hospitali. Asubuhi ya siku hiyo baba aliniuliza mara tatu kama Adhuhuri imeadhiniwa, na ilikuwa saa mbili. Wenzangu wanasema bora tugawane sasa kuliko kugombana akishaondoka. Mimi niliacha kuchoma chapati zangu ili nimuuguze. Je, hiba hiyo inasihi? Tunaweza kugawana? Nami nina haki yoyote katika kodi ya wapangaji?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Allah amwafu baba yako na akulipe wewe kwa kumuuguza.

Mali ya mzee aliye hai ni yake. Ikiwa akili imempungua, mali haijahamia kwa watoto. Imekuwa amana inayopaswa kutumika kwake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 5, Allah ameamrisha kwamba wasioweza kuendesha mali wasiachiwe mikononi, kisha akaamrisha walishwe na wavikwe kutokana na mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Hili la maneno mema msilipite haraka. Mzee anayeuliza adhana mara tatu ajibiwe mara tatu, kwa sauti ile ile.

Nianze na hiba. Ili isihi, anayetoa awe na akili timamu na aridhie, na anayepewa akubali. Na kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, haimilikiki mpaka kitu kikabidhiwe kwa idhini ya mtoaji. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Mkono ulioshikwa na mtu mwingine ukabanwa kwenye karatasi, na mwenye mkono hajui anachokiridhia, haujatoa kitu.

Lakini wanazuoni wamezingatia pia kwamba mtu wa namna hii huwa na nyakati za kuzinduka, na analolitamka akiwa amezinduka linahesabika. Kwa hiyo siwezi kuhukumu kwa barua peke yake. Linaloangaliwa ni hali yake saa ile ile, nani alikuwepo, alisomewa nini, na alisema nini kwa kinywa chake. Uliyoyaona asubuhi hiyo ni ushahidi. Yaandike sasa pamoja na tarehe kabla hujayasahau.

Hata tukijaalia kwamba akili yake ilikuwepo, bado kuna suala la uadilifu. Nuuman bin Bashir (r.a.) alipewa zawadi na baba yake, baba akaenda kumshuhudisha Mtume (s.a.w.). Mtume akamuuliza: je, watoto wako wote umewapa mfano wake? Akasema hapana. Akaambiwa wamche Allah na wafanye uadilifu baina ya watoto wao, naye akaenda akairudisha zawadi ile. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kuhusu gharama za hospitali, kaka yako asidharauliwe. Ametoa fedha, na kama alitoa kwa wema, ujira wake uko kwa Allah. Kama alikopesha kwa makubaliano na baba, hilo ni deni, na deni linalipwa kutoka mali ya baba kwa kiasi kile kile kilichotumika. Nyumba nzima hailipi risiti za hospitali.

Kugawana sasa hakufai. Mirathi huja kwa mauti, na hakuna kati yenu mwenye hati ya kwamba atabaki nyuma ya baba yake. Wakati ukifika, Qur'ani imekwisha kugawa: akiacha mke na nyinyi wanne, mke ana thumuni, na kinachobaki mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke. Katika mafungu 48, mke anachukua 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Kabla ya hapo hulipwa gharama za maziko, madeni, kisha wasia.

Nawasemesha na wasomaji ambao wazazi wao bado wana akili zao: wasia uandikwe leo. Mipaka yake ni theluthi. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alitaka kutoa zaidi akiwa mgonjwa, Mtume akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi. Wala mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakiridhia. Ninayemhurumia zaidi hapa ni mjukuu yatima, ambaye baba yake alitangulia na ami zake wapo: harithi kitu, na babu akikaa kimya mtoto anatoka mikono mitupu. Ofisi za RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) hapa Dar es Salaam zinapokea na kutunza wasia. Kwa baba yako wewe, msimkimbizie karatasi nyingine.

Sasa kodi ya wapangaji. Mzee mwenye mali, matumizi yake hutoka kwanza katika mali yake. Wajibu wa watoto unakuja isipotosha. Basi kodi hiyo ndiyo dawa zake, uji wake, nepi zake, na matumizi ya mkewe. Nawe uliyeacha biashara yako, Qur'ani imemruhusu msimamizi fukara wa mali ya yatima ale kwa wema, na aliyejitosheleza ajizuie. Kwa kipimo hicho, ukiwa muhitaji unaweza kupata ujira wa kadiri unaojulikana na ndugu zako, ulioandikwa kwenye daftari pamoja na kila shilingi inayoingia na kutoka. Usijikatie kimya kimya. Na uuguzi huu haukuongezei fungu la mirathi.

Nani asimamie? Katika madhehebu ya Shafi, mtoto hana uwalii wa moja kwa moja juu ya mali ya baba yake. Hakimu ndiye anayesimamisha mtu. Hati ya uwakilishi nayo haitasaidia, kwani uwakala unavunjika akili ya aliyeutoa ikiondoka. Mpelekeni kwa daktari mpate taarifa ya maandishi, kisha mwende mahakamani mteuliwe msimamizi. Ofisi ya Kadhi chini ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) inaweza kuwasuluhisha, lakini kauli yake haishindi amri ya mahakama.

Na mama yenu wa kambo asisahauliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwulizeni kama aliridhia. Kama hakuridhia, wekeni pingamizi mapema kwenye mamlaka inayotunza kumbukumbu za hati au leseni ya makazi ya nyumba hiyo, kabla jina halijabadilishwa.

Kabla ya yote hayo, msomee kaka yako jibu hili mkiwa wote mmekaa, mama akiwepo. Nimesikia upande wako tu. Akiwa na mashahidi waliomsikia baba akitoa kwa hiari na akili yake, nao waletwe, nitawasikiliza.

Wallahu aalam.