Kuvuta trela na Fielder hadi Naivasha

Ndugu, umesema unahamisha fanicha kutoka Kasarani hadi Naivasha kwa trela ya kukodi, ukiivuta na Toyota Fielder yako. Angalia kwanza kitabu cha gari: kama kinakataza kuvuta trela, kodi pikapu tu.

Upakiaji ndio huponza wengi. Vitu vizito viweke mbele kidogo ya ekseli (chuma kinachobeba magurudumu ya trela), ili kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela ilalie ndoano ya nyuma ya gari inayoshika trela. Ukirundika nyuma, trela itayumba ukishika kasi. Ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kupambana na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, ushike usukani ukiwa umenyooka hadi itulie.

Ukipitia Mai Mahiu, shuka ule mteremko na gia ndogo tangu juu kabisa. Breki zikianza kunuka, tafuta pa kusimama salama zipoe. (Matatu zitakupigia honi. Waache wapite.)

Minyororo ya usalama ipishane chini ya ndoano, jaribu taa zote, na uhakikishe trela ina namba yake, zile zinazoanza na Z. Uliza kampuni ya bima kama bima yako inahesabu trela pia. Na hiyo ndoano uliyosema ilichomelewa mtaani, fundi mzoefu aikague kabla hujafunga chochote.